Tiketi ya Kumi

Mimi ni mtu wa mlangoni.
Stuli yangu inatazama barabara ya Iringa,
mgongo wangu unatazama uwanja wa chuo,
na kwa miaka kumi na minne ya Jumamosi
mpira nimeutazama kwa masikio.

Kona niliijua kwa mguno.
Penalti, kwa ule ukimya
wa watu elfu mbili wanaomeza mate pamoja.
Na bao, bao hata sikulisikia:
stuli ilitetemeka, sarafu zikacheza koponi,
Mama Sechelela akaruka na beseni kichwani,
karanga zikanyesha.

Siku hizo kitabu cha tiketi mia
kiliisha timu hazijapasha misuli.
Tulipocheza na chuo cha ualimu
waliokosa nafasi walikwea mawe nyuma ya goli,
wakajipanga kama pimbi,
wakishangilia wasichokiona vizuri.

Kitabu nilichonacho leo nilikifungua Februari.
Sasa ni Agosti, na upepo wa Dodoma
unakipekua kama mkaguzi
aliyekosa kosa.

Wako wapi? Msiniulize kama vile sijui.
Ijumaa jioni treni ya umeme inawameza na mabegi yao,
usiku huohuo picha zinafika: wako Dar, wanakula mishikaki.
Waliobaki wapo kibanda umiza, Ng'ong'ona,
mia tano kiingilio, watu saba benchi la watu wanne,
wanagombana juu ya kipa wa Uingereza
asiyejua kama Dodoma ipo.
Mama Sechelela naye kahamia mlango wa kibanda.
Karanga hufuata midomo.
Zamani mkeka ulikuwa wake,
aliutandika kando ya mstari wa chokaa;
siku hizi mkeka uko ndani ya simu,
na kila Jumapili asubuhi, nikipita bwenini,
nasikia umechanika.

Simlaumu mtu. Jua hili.
Vumbi hili jekundu linaloingia hadi kwenye chai.
Bati la jukwaa lilikwenda na upepo mwaka juzi,
na barua ya kuomba jingine
bado inafanyiwa kazi.

Leo nimekata tiketi tisa.
Mwalimu Chilongani wa takwimu,
anayeandika kila pasi kwenye daftari la miraba.
Wasichana watatu wa uuguzi, walidhani ni netiboli,
wakaona haya kudai pesa yao.
Wauza ubuyu wawili, ambao kwa haki hawakupaswa kulipa.
Mchumba wa kipa, na mwavuli.
Kijana anayerusha mechi mtandaoni.
Na mzee Ndahani, kaja na basi la alfajiri kutoka Hombolo,
zabibu ndani ya ndoo ya rangi,
kumwona mwanawe, jezi namba tatu.

Yule kijana alinionyesha kioo cha simu:
"Mzee, watu mia nne wanatutazama!"
Nikageuka kushoto, nikageuka kulia.
"Wameketi wapi?"
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kisha filimbi. Ukimya.
Filimbi tena. Ukimya uleule.
Bao? Faulo? Mtu kavunjika?
Watu tisa hawatikisi stuli.
Ndipo nikajua kuwa mimi ni kipofu,
na wale elfu mbili, na kelele zao na matusi yao,
ndio waliokuwa macho yangu.

Nikatoa elfu moja mfukoni, nikaitia koponi.
Nikachana tiketi ya kumi.
Nikajikagua, nikajiruhusu.
Nikageuza stuli.

Namba tatu alikuwa chini, kashika kifundo,
shavu moja jeupe kwa chokaa,
na baba yake kishavuka mstari na ndoo yake,
refa anamfukuza, mzee hafukuziki,
anamlisha mwanawe zabibu mojamoja.
Moja ikamponyoka.
Ikabingirika, ikabingirika, hadi goli la mashariki.

Kumbe uwanja una mteremko.
Miaka kumi na minne,
na hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba uwanja una mteremko.