Kisebusebu

Mchezoni hana jina, ana namba:
kiumbe wa kumi na saba, ngazi ya tatu, pangoni.
Miguu sita, magamba ya kijani,
shingo ndefu kama swali lililokosa wa kuliuliza.
Ukimwendea anarudi nyuma.
Ukimpa kisogo, anakufuata.
Mama, siku moja akipita na sinia la chai,
alimtazama kidogo, akasema:
"Kisebusebu huyo, na kiroho papo."
Basi jina likamganda.

Wenzangu humuua kwa mapigo matatu, wachukue ufunguo.
Mimi tangu nina miaka kumi na moja namzunguka,
napita mlango wa maji, njia ya dakika arubaini,
ufunguo ukabaki tumboni mwake.

Leo nina thelathini na mbili, karani wa bima, Ruwi.
Mchana nahesabu magari yaliyogongana.
Usiku, Al-Khoudh, chumba cha juu,
kiyoyozi kikikoroma kama Ami Zahor baada ya biriani,
nafungua kishikwambi changu chenye ufa pembeni
na namchora.

Mara ya kwanza nilimchora sawasawa:
kila gamba, kila kucha, kivuli mahali pake.
Akatoka sahihi kama picha ya pasipoti,
na kama picha ya pasipoti,
hakuwa yeye.

Nikaanza utundu.
Nilipaka hina mbichi kwenye kioo cha skana
(kaka yangu Mundhir mpaka leo ananidai skana)
nikapata madoa ya kahawia, nikamvika tumboni.
Nilishuka bondeni siku ya tatu baada ya mvua,
tope limekauka, limejikata vigae,
nikalipiga picha, likawa magamba.
Macho nikamtilia taa za breki
za foleni ya Mawaleh, saa moja usiku.
Bado alisimama wima, mtiifu,
kama mtoto wa Idi anayengoja kupigwa picha.

Ndipo nikafanya lile la kijinga.
Faili la picha nikalifungua kama barua.
Zikamwagika herufi, alama, tarakimu,
kurasa juu ya kurasa,
mwili wake mzima umegeuka lugha isiyo na msemaji.
Na katikati, pale nilipokisia pana shingo,
nikabandika ujumbe wa Mama wa jana:
*Ukitoka kazini pitia tui la kopo, mawili,
na hamira usisahau,
na mbona hushuki,
najua uko juu, nasikia kiti.*
Nikahifadhi.
Nikafungua.

Alipasuka.
Shingo imehama, imeteleza kulia,
mgongo umechanika mistari, waridi, samawati,
rangi ambazo sikumpa.
Mguu mmoja unaelea peke yake ukingoni.
Na kichwa, wallahi sikukigusa,
kichwa kinatazama nyuma, kule pangoni,
ilhali miguu mitano inakuja kwangu.

Miaka ishirini na moja namjua.
Ndiyo kwanza namwona.

Nilimwita Mama. Akapanda, ngazi mojamoja,
akilaumu magoti, akimlaumu fundi wa ngazi.
Alisimama mlangoni na kanga begani.
"Mbona umemvunja?"
"Sikumvunja. Nimemtia maneno yako."
"Maneno gani?"
"Ya tui la kopo."
Akasogea. Akavaa miwani, akaivua,
akaweka kidole pale shingo ilipohamia,
picha ikakua ghafla, akashtuka, akarudisha mkono.
"Hapa ndipo niliposema nini?"
"Hapo… nadhani *mbona hushuki*."

Kimya. Kiyoyozi kikakata, kikaanza tena.

"Na hamira ulinunua?"
Sikununua.
"Basi mimi sikai," alisema, "nina kazi chini,"
akavuta mto,
akakaa.