Endelea Vilevile

Daftari nimelirithi kwa Mama Nsimire.
Jalada lake limeungwa kwa plasta ya vidonda,
kurasa zimevimba kwa unyevu wa Kadutu,
kwa mvua iingiayo pale bati lilipotoboka
juu ya kabati la dawa.

Leo wagonjwa ni wachache, njia ya Buholo imekatwa na tope.
Nimekaa na bakuli la maharagwe ambayo sijayapika,
nahesabu:
haragwe moja kwa kila jina lililoandikiwa haloperidoli.

Mwaka ule wa kwanza, maharagwe manne.
Manne tu, na wenyewe wote wanne nawajua,
mmoja alikuwa akiiamkia transfoma ya umeme kila asubuhi.
Mwaka uliofuata, tisa.
Kisha wakaja watu wa semina, na gari jeupe, na soda.
Siku tatu tulifundishwa, siku ya nne katoni zikashushwa,
na mwaka ule bakuli halikutosha,
nikamwagia mezani.

Sisemi dawa ni mbaya.
Asemaye hivyo hakumwona Zihindula
amefungwa kamba ya mbuzi nyuma ya nyumba ya shangazi yake,
midomo imepasuka, akibishana na watu wasiokuwepo.
Wiki sita, vidonge viwili kwa siku,
akaomba sabuni.
Sabuni! Shangazi alilia kuliko siku ya matanga.
Sasa anatengeneza redio karibu na soko,
na sauti anazozisikia zina betri.

Lakini haragwe hili ni la nani?
"Mzee Ntabugi, miaka sabini na minane. Hapati usingizi."
Alikuwa akimwita mkewe usiku, mkewe aliyezikwa Pasaka.
Na hili? "Mwanafunzi. Anapiga ukuta."
Na hili, na hili, na hili lenye mwandiko wangu mwenyewe,
siku ile ya wagonjwa sitini na mmoja:
"M'Cirhuza. Analia. Haloperidoli, nusu, jioni."
Sikuuliza analilia nini.
Nusu kidonge ni rahisi kuliko nusu saa.

Halafu safu ya mwisho, mwezi juu ya mwezi,
wino wa buluu, wino mweusi, penseli wino ulipokwisha:
endelea vilevile
endelea vilevile
end. vv.
Kawaida ni kama sheria, husema watu;
hapa kwetu kawaida ina mhuri,
na hakuna aliyewahi kuikatia rufaa.

Mzee Ntabugi aliendelea vilevile miaka mitatu.
Shingo ikapinda, kinywa kikawa kinatafuna kisichokuwemo,
mate yakalowanisha kola ya Jumapili.
Tukasema ni uzee.
Tukampa dawa nyingine ya kuituliza ile ya kwanza.

Lugha yetu ina ujanja wake:
mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu,
husikia sauti.
Kitabu cha semina kilijua kusikia kumoja tu.

Saa tisa. Mvua imepungua. M'Cirhuza yuko mlangoni,
kadi yake ndani ya mfuko wa sukari isilowe,
amekuja kuchukua nusu zake za mwezi.
Nafungua daftari. Mkono, bila kuniuliza,
umekwisha andika *e*.
Nauinua.
"Mama, unasikia nini?"

Anatazama meza.
"Unapika hapa siku hizi?"
"Hapana. Nahesabu."
Anavuta kiti. Anaokota moja lililoanguka chini,
analipangusa kwa kitenge, analirudisha kwenye lundo.
"Mwanangu alienda machimboni Kamituga," anaanza,
na nje sasa kuna watu kumi na wawili wanaosubiri,
na ile *e* bado iko pale,
peke yake kwenye mstari.