Usiamini Dari

Wiki tatu sampuli saba zilining'inia kwa utepe
nyuma ya jiko, na kila asubuhi
moja ilikuwa imeangukia sufuriani.
Dukani, chini ya taa zao, kile cheupe kilikuwa cheupe.
Hapa Trois-Rivières, Februari, theluji ikigusa dirisha,
kiligeuka rangi ya maziwa yaliyolala.
Wewe, Normand, ulitaka kijani. Kijani cha chupa.
Nikasema kitatuchosha kabla ya Pasaka.
Mchagua nazi, nikajionya, nikalipia cheupe:
boksi nne, na ya akiba ambayo haikutosha.

Jumamosi tukabandua karatasi ya ukutani.
Ilitoka na mafuta ya miaka arobaini,
mafuta ya nyama za watu tusiowajua,
na chini yake, kwenye plasta, kwa penseli ya seremala:
*Kushoto imeshuka robo inchi. Usiamini dari.*
Bila jina. Lakini barua za Théberge bado hutufikia,
kalenda ya wastaafu wa kiwanda cha karatasi,
katalogi ya mbegu.

Ungenisikia nilivyocheka.
Siku mbili nilikuwa nagombana na pimamaji,
kiputo chake kikinikimbia kama mtoto anayekwepa kuoga,
nami nikidhani kosa ni la mkono wangu.

Nikakuomba penseli. Ukauliza naandika nini.
Hesabu, nikasema.
Chini ya mstari wake niliandika: *Kweli. Hata sakafu.*

Kisha gundi, na mwiko,
si ule wa kupikia, ule wenye meno,
kigae, msalaba mdogo wa plastiki, kigae,
nikianzia mezani kupanda juu,
huku wewe ukikata gerejini,
maji ya msumeno yakigandia mikono ya koti lako.
Maneno ya Théberge yalifunikwa kwenye safu ya tatu.
Sikusimama. Gundi ilikuwa inakauka.

Kwenye soketi tulivunja vitatu.
Cha nne kilipasuka kwa kutazamwa tu.
Jumapili jioni, duka limefungwa.
Hukusema neno. Ulifungua droo
ukarudi na sampuli yako ya kijani,
tayari umeikata, na imekaa sawasawa,
kana kwamba uliipima tangu mwezi uliopita.

Labda uliipima.

Kipo pale, nyuma ya birika.
Wageni hawakioni. Mimi nalisogeza birika
kila nipangusapo, hata pasipo na doa.

Pasaka imepita.
Hakijanichosha.