Mizani ya Kombo

Miaka arubaini, ghalani mjini Wete,
Nilisimama mizani, uzito niufuate,
Gunia liwe begani, ama punda alivute,
Yote sharuti yapite, chini ya wangu mkono.

Tulipima farasila, na kilo nazo zikaja,
Bei kapanda, kalala, mabwana hupisha, huja,
Siku nyingine sikula, hadi wa mwisho mmoja;
Kila jina nikitaja, yakaitika mavuno.

Nikirudi nikioga, sabuni haikufua,
Raya kichambua mboga, kwa harufu hunijua,
Hageuki, bila woga, husema: “Ndiwe? Pakua.”
Sahani nikiinua, hunuka hata maneno.

Mwaka mti ukinuna, magunia hayajaa,
Raya usiku, mchana, na kofia alikaa,
Viua akivishona, macho karibu na taa;
Ilitukimbia njaa, ikichomwa na sindano.

Wana sita tulilea, mmoja tukamzika,
Faki Tanga kalowea, barua zikakatika,
Time ndiye hutokea, chupa ya chai kashika,
Tukikaa tukicheka, ni ya Raya yale meno.

Mtaa uliniita, kugawa vya marehemu,
Ndugu wakitaka vita, kwa mnazi na salamu:
“Jina kombo, si matata, ndani kanyooka humu!”
Nikaona kama sumu, sifa zao nono mno.

Kwani iko siri moja, na leo naifungua:
Bi Mize wa Jojo kaja, mjane, kalowa mvua,
Hakulalama, kangoja, kipolo bila kutua,
Mwenyewe kazichambua, ndiyo yake tu mavuno.

Mwanangu, hana pumuzi, homa ya siku ya saba,
Na mshahara wa kazi, haukujaza kibaba,
Kidole, kama cha mwizi, kikagusa chuma haba:
Ratili mbili kaiba, Kombo, kwa mkono.

Mshororo huo juu, mizani mbili hazimo,
Sikuteleza miguu, sikukosea kipimo,
Ni deni la karafuu, limeacha hapo shimo;
Msomaji, pima kimo, usilizibe kwa neno.

Dawa ikabaki nusu, chini kitandani, chupa,
Raya paji akabusu, mimi uani kaapa:
“Hata nikikatwa kisu, nitakwenda, nitalipa.”
Miguu ikaogopa, mwaka, mitatu, mitano.

Nilikwenda na ratili, mbili, kwenye kitambaa,
Bi Mize asuka kili, na wala hakushangaa:
“Kidole chako, kwa kweli, nilikiona kutwaa;
Mzazi, nikanyamaa, homa haina maneno.”

Akachota kwa kiganja, hakutaka zikapimwe,
Chai tamu tukaonja, kagoma jiko lizimwe,
Hata jua likakunja, virago, na lisisemwe;
Nilipotaka nisemwe, kanipa kashata tano.

Siku yangu kustaafu, saa nzuri wakaleta,
Hotuba zenye wasifu, shangwe, pilau, karata,
Na cheti: “Ni mwaminifu, hata punje hakukata.”
Sikitundiki ukuta, nakisoma kama ngano.

Ghalani kwa siku hizi, namba nyekundu huwaka,
Kijana mwenye ujuzi, jiwe hajapata shika,
Nikienda matembezi, “Shikamoo,” hutamka;
Nami, pasipo kutaka, hufumba wangu mkono.