Vipieni Tatu

Ruwi, kwenye chumba chetu, simu moto mkononi,
Vipieni zipo tatu, nitaamini ya nani?
Moja haidai kitu, bei yake iko ndani;
Nimuone mama Wete, uso wake usigande.

Ya pili riali mbili, seva yake Uholanzi,
Yasema hainakili; nani wake mwangalizi?
Thuwaiba yu dalali, apewa bure miezi;
Nimuone mama Wete, uso wake usigande.

Ya tatu naifungua, nchi kenda zimo humo,
Napekua, napekua, Pemba yetu tu haimo!
Nabonyeza kununua: mwezi mmoja, kikomo.
Namuona mama Wete: “Mwanangu, mbona waganda?”