Faili Mbili za Usiku wa Kadutu

Ya kwanza nimeitoa mezani, kwenye waya moja kwa moja.
Nabintu anaimba kana kwamba kaketi ndani ya sikio langu;
namsikia akimeza mate kabla ya ubeti wa pili.
Besi ya Murhula imenyooka kama ukuta mpya.
Safi. Safi kama sahani asiyoilia mtu.
Humo hamna ukumbi, hamna Kadutu,
wimbo ukiisha ni kimya, utadhani watu walikimbia.

Ya pili ni ya Byadunia. Alisimama nyuma, mlangoni,
kinasa sauti kakiinua juu ya kofia
saa mbili nzima, mkono ukimuuma.
Humo gitaa linavuma kama nyuki ndani ya debe,
lakini mvua ipo, inapiga mabati,
na mama muuza mikate anadaiwa chenji:
"Nimekupa elfu, usijifanye umesahau!"
na mtu fulani anakohoa kila kiitikio kikikaribia,
kwa wakati wake, kushinda ngoma yetu.

Nimezilaza pamoja. Hazilali.
Sauti nayo hutembea: toka jukwaani hadi mlangoni
inachelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde.
Kidogo tu, lakini Nabintu akawa wawili,
mmoja akimkimbilia mwenzake
kama mtoto aliyeachwa njiani.
Murhula hugonga vijiti mara nne kabla ya kuanza.
Nikashika mgongo wa kwanza hapa, wa kwanza kule,
nikavuta. Zikagusana.
Nikacheka peke yangu, saa nane za usiku.

Kufika wimbo wa tano zimeachana tena;
saa ya mashine moja ina haraka kuliko ya mwenzake.
Nikakata, nikasogeza, nikakata,
kama fundi anayepima suruali ya mtu asiyetulia.

Cirhuza mwenye bendi akapiga simu:
"Toa hizo kelele. Tunataka kazi safi."
Nikamwambia, ngoja wimbo wa saba.

Wimbo wa saba umeme ulikatika.
Faili ya mezani inaishia katikati ya neno,
*Nitaru*,
kisha mstari mnyoofu, dakika kumi na moja,
kama Kivu alfajiri.

Kinasa sauti cha Byadunia kilikuwa na betri zake.
Anasikika akinong'ona, "Aa, tena?"
Mluzi. Kiti kinaanguka.
Kisha yule yule wa kikohozi, gizani, akalimalizia:
*di*.
Ukumbi ukalibeba, kila mtu na ufunguo wake,
na Nabintu katikati yao, mdogo, bila kipaza sauti.
Nisingemtambua
kama nisingemjua anavyomeza mate.

Meza nimeipa saba, mlango nimeupa tatu.
Gizani mlango umechukua kumi zote,
na sikukata hata sekunde.

Cirhuza bado hajajibu.

Na chenji ililipwa. Dakika ya tisa ya giza,
chini ya kiitikio, sikiliza vizuri:
"Haya, shika mia tano yako. Imba."