Kindi Wako, Kindi Wangu

Armas, kindi wangu leo amekuja bila masikio.
Nasema yale manyoya marefu ya ncha za masikio
yaliyosimama majira yote ya baridi kama brashi mbili:
yamepukutika, kabaki na kichwa cha mtoto aliyenyolewa jana.
Ubavu mmoja mwekundu, wa pili bado wa kijivu,
kama mtu aliyebishiwa hodi hajamaliza kuvaa.
Ni tarehe tisa Mei. Barafu ya ziwa imevunjika juzi usiku,
nikaisikia, nikadhani ni wewe unafungua ghala.

Uliniandikia kutoka Thunder Bay
kwamba wa kwako ni mdogo, angeenea kwenye kiatu,
ana duara jeupe kulizunguka jicho,
na mdomo, ee, mdomo!
Anakufokea tangu alfajiri,
anapiga mguu tawini, anakuita mwizi
katika ua ulioulipia kwa miaka thelathini ya kiwanda cha karatasi.

Wangu hana maneno. Akiudhika sana
hutoa *tyuk, tyuk* mbili za kohoni
kisha hunipa mgongo. Baba mtupu.

Ukadai ni kindi yuleyule,
amezoea tu nchi ya kelele.
Nikapanda basi hadi maktaba ya Savonlinna,
nikafungua vitabu vitatu, miwani puani.
Si yuleyule, Armas. Ni ukoo mwingine,
wamefanana rangi tu, kama majirani wenye koti la duka moja.
Nilifurahi mchana kutwa kwamba umekosea.
Usiku sikupata usingizi.

Saimi naye kapiga simu kutoka Sodankylä.
Anasema wa kaskazini wakati wa theluji
huwa wa kijivu mpaka mkiani, kijivu cha majivu ya juzi,
na kwamba wangu, mwenye mkia wa kutu, anajipamba.
Sikumjibu. Saimi hata viazi vyake
hukomaa vizuri kuliko vya mtu yeyote.

Wako hurundika. Umezihesabu koni chini ya msonobari mmoja
ukafika mia nne, ukachoka; lundo lenyewe, unasema,
huenda alirithi kwa mama yake, naye analilinda
kama karani wa forodha. Uyoga huuanika matawini,
mmoja mmoja, akigeuza uliolowa.
Wangu huzika mbegu moja hapa, nyingine kule,
chini ya ngazi, ndani ya chungu cha maua cha marehemu Eelis,
halafu husimama katikati ya ua
mkono kifuani, akijaribu kukumbuka.
Ulicheka sana juu ya hilo.
Nilianza kuandika jibu refu,
nikalichana, nikakuandikia hali ya hewa.

Unamkumbuka mwalimu Hilkka na kipande chake cha chaki?
Alitwambia neno letu la pesa
zamani lilikuwa ngozi ya mnyama,
na watu wa huku walilipa kodi kwa manyoya ya kindi.
Ukasema kwa sauti, darasa zima likasikia:
basi benki ziko juu ya miti!
Ulikuwa na miaka kumi. Tisa baadaye ulipanda meli.

Mimi wote nawaita Kurre, kama mama.
Wajukuu wako, unasema, wamempa wao
jina la mlinda lango wa hoki.
Barua yako ya mwisho ina maneno manne
ambayo si ya kwetu. Matatu alinisomea binti wa posta.
La nne, alisema, labda ni mwandiko tu.

Picha nimeiweka dirishani.
Wewe, kofia, ua, na doa jekundu lililotikisika:
huyo ndiye yeye, umeandika nyuma.
Kurre aliruka juu ya kibao, akaitazama, au akatazama kioo,
akala alizeti kumi na moja, akaondoka.

Jambo moja nilisahau kuuliza.
Wako akishuka mtini, hutanguliza kichwa?
Wangu ndivyo. Kucha za nyuma zimegeuka, tumbo kwenye gome,
nusu ya njia husimama, ananing'inia,
akiniangalia juu chini.
Tazama asubuhi, uniandikie.
Bonyeza kalamu, macho yangu si yale.